Programu iliyozaliwa na kuni za Kenya

Muulize mwandishi yeyote wa programu hapa Nairobi akutajie programu iliyoanzia Kenya ikaenea duniani. Atasema M-Pesa (2007). Ukimpa muda kidogo ataongeza Ushahidi (2008). Sawa kabisa. Lakini iko nyingine ambayo wengi wetu hatuijui, na ni kongwe kuliko hizo zote mbili, kongwe hata kunishinda mimi. Inaitwa LEAP. Ilitengenezwa mwaka 1980, na sababu yake ilikuwa kuni na makaa yetu.

Leo LEAP ni mojawapo ya programu zinazotumika sana duniani kupangia nchi njia za kupunguza gesi chafu zinazoongeza joto. Mwaka 2015, kabla ya mkutano wa Paris, nchi zaidi ya 30 ziliitumia kupiga hesabu za ahadi zao kwa Umoja wa Mataifa. Nimekuwa nikiisoma historia yake jioni nikitoka kazini, na naona ina somo kwa yeyote anayepewa grafu ya mwaka 2030 au 2050 na kuambiwa, "Njia ndiyo hii."

Mwaka 1980

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Bei ya mafuta ilikuwa imeruka mwaka 1973, ikaruka tena 1979. Mwaka huo wa 1979 Kenya ikaunda Wizara ya Kawi. Kila mtu alikuwa akizungumzia mafuta, lakini ukitazama nchi nzima, karibu robo tatu ya kawi iliyotumika ilitoka kwa miti: kuni mashambani, makaa mjini. Mafuta yalikuwa na risiti na mita. Miti haikuwa na chochote.

Taasisi ya Beijer ya Stockholm, iliyo chini ya Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Uswidi, ikashirikiana na wizara kufanya utafiti wa kuni. Ili kupiga hesabu hizo walihitaji programu, na kazi hiyo ikafanywa na kundi la Paul Raskin huko Boston, Marekani. Kompyuta ya IBM ya mezani ilikuwa bado haijaingia sokoni. Ilitoka Agosti 1981.

Mtaniambia, "Lakini basi ni programu ya Boston." Msimbo, ndiyo. Hata msimbo wa kwanza wa M-Pesa uliandikwa Uingereza. Kilichokuwa chetu ni swali lenyewe, na katika kazi yetu mnajua kwamba swali ndilo linaloamua jedwali la data litakuwa na safu zipi.

Jina lake linasimulia mengi. Mwanzoni herufi L ilisimamia nchi zinazoendelea. Baadaye ikasimamia mipango ya muda mrefu. Mwaka 2020 ikabadilishwa tena, sasa inasimamia uzalishaji mdogo wa gesi chafu. Herufi ni zile zile nne, wateja ndio waliobadilika.

Inavyofanya kazi

Nitaeleza kwa mfano wa Nairobi. Chukua idadi ya nyumba mjini. Zidisha kwa sehemu ya nyumba zinazopikia makaa. Zidisha tena kwa kilo za makaa ambazo nyumba moja humaliza kwa mwaka. Umepata mahitaji. Sasa rudi nyuma: makaa yanatoka kwenye tanuri la udongo, na tanuri la kienyeji hula kilo tano hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya makaa. Kuni zinatoka kwa mti, na mti una kasi yake ya kukua. Ukifika hapo unalinganisha kinachokatwa na kinachoota.

Kisha unasogeza miaka. Watu wanaongezeka, mji unakua. Usipobadilisha chochote kingine, unapata mstari ambao mimi nauita "tukiendelea hivi hivi". Halafu unachora mistari mingine: je, majiko yakiwa bora? Je, watu wakihamia gesi? Je, tukipanda miti? Tofauti kati ya mstari mmoja na mwingine ndiyo faida ya sera. Miaka ya baadaye, mabadiliko ya tabianchi yalipoingia kwenye ajenda, haikuhitajika mashine mpya kabisa. Kila jiko na kila mtambo ulipewa safu nyingine ya kuonyesha gesi unayotoa, na hesabu ya kuni ikawa hesabu ya kaboni.

Pengo ambalo halikuja kama lilivyochorwa

Matokeo ya Kenya yalichapishwa mwaka 1984 katika kitabu kilichohaririwa na Phil O'Keefe, Raskin na Steve Bernow. Ujumbe ulikuwa mzito: tukiendelea hivi hivi, kufikia mwaka 2000 mahitaji ya kuni yangepita mbali kile ambacho miti yetu inaweza kutoa. Haukuwa wasiwasi wa Kenya peke yake. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa kawi mpya papa hapa katikati ya mji, KICC, na kuni zilikuwa kwenye ajenda.

Mwaka 2000 ulifika. Misitu ilikuwa imeumia, hilo hatuwezi kukana. Lakini pengo kubwa lile halikutokea kama lilivyochorwa. Kwa nini?

Jibu lilianza kuonekana Kakamega, na la kufurahisha ni kwamba watu wa Beijer wenyewe ndio waliolifuata huko miaka ya 1980. Walitarajia kukuta mashamba matupu. Walikuta miti mingi, imepandwa na wakulima bila kuambiwa na mtu, kwenye nyua na kwenye mipaka ya mashamba. Hata hivyo akina mama walikuwa wanahangaika kutafuta kuni. Miti ilikuwa ya wanaume, ya kujengea na kuuza. Tena mila ilimkataza mwanamke kupanda mti; ilisemwa angekosa kuzaa au angempoteza mumewe. Mradi ukapitia njia ya pembeni: ukaleta vichaka vinavyokua haraka, kama kaliandra na sesbania, ambavyo havikuhesabiwa kuwa miti. Mama akapanda, na hakuna aliyevunja mwiko.

Sasa tazama programu. Ilikuwa na safu ya idadi ya watu, ya hekta na ya tani. Haikuwa na safu ya "mwenye mti ni nani". Pia ilichukulia kwamba mkulima akiona kuni zinapanda bei atakaa akitazama tu. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni watu ndani yake.

Hapa Nairobi nako watu hawakukaa wakitazama. Miaka hiyo hiyo ya 1980 mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walianza kutengeneza jiko la bati lenye udongo ndani, lile tunalolijua sote, ambalo hupunguza matumizi ya makaa kwa theluthi moja hadi nusu likitumiwa vizuri. Ukilipata kwenye kibanda chochote Kangemi au Kawangware leo, unashika mkononi mstari uliopinda.

Mstari huo huo, pesa nyingi zaidi

Kwa nini nawasumbua na mambo ya miaka zaidi ya 40 iliyopita? Kwa sababu ahadi yetu ya tabianchi imejengwa juu ya mstari wa aina hiyo hiyo.

Mwaka 2015 Kenya iliahidi kupunguza gesi chafu kwa asilimia 30 kufikia 2030. Desemba 2020 ikapandisha hadi asilimia 32. Asilimia 32 ya nini? Ya tani milioni 143, ambazo zilikadiriwa kuwa tungezitoa mwaka 2030 tukiendelea hivi hivi. Toa asilimia 32, unabaki na takriban milioni 97. Mwaka 2010 tulitoa milioni 73. Kwa hiyo neno "kupunguza" hapa linaruhusu kupanda kutoka 73 hadi 97. Sioni aibu katika hilo. Mkenya mmoja hutoa gesi kidogo sana akilinganishwa na Mmarekani au Mjerumani, na watu wetu wanahitaji stima na kazi. Ninachosema ni kwamba ahadi nzima inaning'inia kwenye namba 143, na namba hiyo haijawahi kupimwa wala haitapimwa kamwe. Ni makadirio ya Kenya ambayo haitakuwepo.

Makadirio ya aina hii yanaweza kwenda mbali. Mpango wa umeme wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba kufikia 2030 mahitaji ya juu kabisa ya nchi yangefika megawati 15,000 hivi. Mwaka 2013 serikali ikatangaza kuongeza zaidi ya megawati 5,000 kwa miezi 40, ikiwemo stima ya makaa ya mawe huko Lamu. Leseni ya mradi wa Lamu ilifutwa na jopo la kitaifa la mazingira Juni 2019. Na mahitaji ya juu kabisa yalivuka megawati 2,000 mwaka 2021. Huku nyuma Olkaria, iliyoanza mwaka 1981 na mtambo mmoja wa megawati 15, imekua polepole mpaka mvuke wa ardhini ukawa chanzo chetu kikubwa cha umeme.

Mstari ukichorwa juu mno, unaweza kujengewa mtambo usiouhitaji, na mlipaji ni wewe mwenye tokeni. Wakati huo huo unaweza kusifiwa kwa "kupunguza" gesi ambayo hakuna aliyekuwa anaenda kuitoa. Hiyo ndiyo hatari.

Na upande wa chini je? Tembea kutoka Lavington hadi Kawangware, ni mwendo wa dakika chache. Kwenye programu, ni rahisi kuandika kwamba nyumba inatumia gesi au inatumia makaa. Lakini nyumba nyingi za Kawangware zina vyote viwili. Chai ya asubuhi ni ya gesi, githeri ni ya makaa kwa sababu inachemka saa nzima na zaidi. Gesi ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, wiki nzima ni makaa. Julai 2021 serikali ilirudisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, 2022 ukapunguzwa hadi 8, 2023 ukaondolewa. Mstari laini unaoshuka taratibu kutoka makaa hadi gesi haujui habari hizi. Mama anayenunua makaa kwa mkebe anazijua zote.

Ninachoomba

Sisemi tutupe programu hizi. Bila hesabu ya 1980 pengine hakuna ambaye angekwenda Kakamega kuangalia. Makadirio yaliyokosea yaliwapeleka watafiti mahali palipokuwa na jibu, na hiyo ni kazi nzuri kwa programu yoyote.

Ninachoomba ni kitu ambacho kwetu waandishi wa programu ni cha kawaida. Wakati mwingine mpango wa kitaifa au wa kaunti ukitoka, tusipewe grafu peke yake. Tupewe faili ya makisio: idadi ya nyumba, bei ya gesi, kilo za makaa, kasi ya kukua kwa stima, kila namba na aliyeiweka na tarehe. Kila mwaka zilinganishwe na yaliyotokea, na mabadiliko yaandikwe hadharani, kama tunavyoandika mabadiliko ya msimbo. Mpango wa tabianchi wa Nairobi unaenda mpaka 2050. Wakati huo nitakuwa nimepita miaka 50. Ningependa kuufungua ukurasa huo na kuona mahali mstari ulipokosea, mwaka uliporekebishwa, na jina la mtaa uliotufundisha.

Septemba 2023 marais wa Afrika walikutana KICC kuzungumzia tabianchi, jengo lile lile la 1981. Grafu zilikuwa nyingi. Nje, mjini kote, githeri ilikuwa jikoni.