Kitabu cha Nyumba na Kitabu cha Mji

Kitabu huweza kukaa duniani kwa namna mbili. Kipo kitabu cha nyumba, ambacho hufungwa sandukuni, hurithiwa na watoto, na hufunguliwa kwa hiari ya mwenyewe tu. Kipo pia kitabu cha mji, ambacho hakina mrithi kwa sababu warithi wake ni wote. Insha hii yahusu safari ya kitabu kutoka nyumbani kwenda mjini katika Tanga na pwani ya Mrima iliyo karibu nayo. Wengi hudhani kuwa safari hiyo ilianza siku ilipojengwa maktaba. Kwa maoni yangu ilianza zamani zaidi, na anayetaka kujua kwa nini watu wa mji huipenda maktaba yao, au kwa nini pengine huiacha ikapwaya, hana budi kuanza nyuma ya jengo.

Kabla ya kuja Wadachi, mtoto wa pwani alijifunza kusoma chuoni, mbele ya mwalimu, kwa herufi za Kiarabu. Alianza na Kurani, na aliyejaliwa aliendelea hadi akaweza kuandika barua, hesabu na utenzi katika lugha yake mwenyewe. Wasomaji hawakuwa wengi, lakini wasikilizaji walikuwa wengi sana, kwa kuwa utenzi haukuandikwa usomwe kimya na mtu mmoja. Ulisomwa kwa sauti barazani, katika hitima na katika mikesha, na asiyejua herufi hata moja aliondoka na beti kifuani. Miongoni mwa waliotunga kwa namna hiyo alikuwa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga. Vita vya watu wa pwani na Wadachi, vilivyoanza mwaka 1888, alivieleza katika utenzi wakati habari ingali mbichi. Utenzi huo uliishi katika miswada ya mkono mpaka mwaka 1955, ulipopigwa chapa pamoja na tafsiri ya J. W. T. Allen. Kwa hiyo ulikaa zaidi ya miaka 60 ukiwa kitabu cha nyumba.

Haifai kusema kwamba watu wa zamani hawakulijua wazo la kitabu cha wote. Walikuwa na jina lake, nalo ni wakfu. Katika pwani ya Waswahili, kuanzia Siyu na Lamu, imeonekana misahafu na vitabu vya dini vilivyoandikwa katika kurasa zake kwamba ni wakfu: visiuzwe, visirithiwe, vitumiwe na wanaosoma. Mwenye mali aliyejenga kisima kwa ajili ya wapita njia aliweza vilevile kuacha kitabu kwa ajili ya watafuta elimu, na thawabu zilihesabiwa kuwa za namna moja. Hapana maelezo ya maktaba ya umma yanayoushinda wakfu huo kwa uwazi. Upungufu wake ulikuwa mmoja, nao ni kwamba ulitegemea msikiti au ukoo wa kuutunza. Kwa vitabu visivyo vya dini, kama vile habari za watawala, mashairi ya malumbano na nasaba, mlinzi alikuwa sanduku peke yake. Na sanduku la pwani lina maadui watatu: mchwa, hewa ya chumvi, na mgawanyo wa urithi.

Mabadiliko ya kwanza yaliletwa na matbaa. Shule ya Tanga ilifunguliwa mwaka 1892, ikawa mama wa shule za serikali ya Kijerumani katika nchi hii. Makarani, walimu na maakida waliofunzwa humo walitawanyika kila upande. Kutoka shuleni hapo, kuanzia mwaka 1904, lilitolewa gazeti lililoitwa Kiongozi, ambalo lilisomwa mbali sana na Tanga na kupokea barua za wasomaji wake. Katika nchi ya Bonde, nyuma ya pwani, wamisionari wa Magila walikuwa na gazeti lao, Habari za Mwezi. Kwa msaada wa matbaa yao kilianza kutoka kitabu cha Abdallah bin Hemedi el-Ajjemy, Habari za Wakilindi, kinachoeleza ukoo uliotawala Usambara. Yafaa tulitazame jambo hilo kwa makini. Mwandishi alikuwa Mwislamu, na mpiga chapa alikuwa misheni ya Kikristo. Kitabu kilipotoka tena mwaka 1962, kwa mkono wa East African Literature Bureau, kiliwafikia watu wasio na udugu na Wakilindi wala na el-Ajjemy. Hivyo habari za nyumba moja zilikuwa zimegeuka kuwa habari za nchi.

Lakini faida hiyo ilikuja na hasara, na historia ya haki haina ruhusa ya kuificha. Matbaa na ofisi zilifuata herufi za Kirumi. Mzee aliyesoma miaka mingi chuoni, aliyeweza kunakili utenzi mzima bila kosa, aliingia ofisini akahesabiwa sawa na asiyejua kusoma, na mjukuu wake aliyemaliza shule hakuweza kuufungua urithi wa babu yake ingawa uliandikwa kwa Kiswahili kilekile. Hapakuwa na ugomvi wa lugha kati yao, ila walitengwa na herufi. Miswada mingi iliangamia kwa sababu hiyo zaidi ya sababu ya mchwa, maana watu hawatunzi sana kitu ambacho hawajui kinasema nini.

Chini ya Waingereza lilitokea gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, na mahali pengi nakala moja iliwatosheleza watu wengi, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Tabia ya baraza ilikuwa imehamia katika gazeti. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, ambayo pamoja na kutoa vitabu ilipeleka vingine kwa wasomaji katika masanduku na kwa posta. Kisha, katika miaka ya 1950, Tanga ilipata jengo la maktaba, likapewa jina la ukumbusho wa Mfalme George VI aliyefariki mwaka 1952. Jina lilikuwa la mfalme wa mbali, lakini jengo lilisimama katika mji uliokuwa na mshairi wake. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909, na miaka mingi ya mwisho ya utumishi wake serikalini aliipitisha Tanga. Mfano wake watufundisha jinsi kitabu kinavyoweza kuchelewa njiani. Alifariki Juni 1962, naye ameacha miswada ambayo haijapigwa chapa. Kufikirika kilitoka mwaka 1967 na Utubora Mkulima mwaka 1968. Vitabu vinavyohesabiwa leo kuwa nguzo za fasihi yetu vilikuwa, siku ya maziko yake, karatasi za nyumbani. Vingeweza kupotea kama vilivyopotea vya wengine.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanganyika. Tarehe 9 Desemba 1967, Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Sheria mpya ya mwaka 1975 iliifanya bodi hiyo kuwa ya Tanzania, na maktaba ya Tanga imekuwa maktaba ya mkoa katika mfumo huo. Wakati huohuo taifa lilikuwa likipigana na ujinga wa kutosoma. Mwaka 1967 watu wazima wa Tanzania Bara wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa 67 katika kila 100. Mwaka 1986 serikali ilihesabu kuwa hawafiki 10. Ushindi huo ulileta deni jipya, kwa kuwa aliyefundishwa kusoma asipopata cha kusoma husahau. Nao ushindi ulifika katika miaka ya dhiki, karatasi zikiwa haba na vitabu ghali. Katika hali hiyo rafu ya maktaba ya umma ikawa ndiyo rafu ya pekee kwa mwanafunzi ambaye nyumbani kwao hamna kitabu, wala meza, wala taa ya kusomea.

Hapo ndipo yaonekana maana ya wenyeji kuitegemeza maktaba yao. Wapo wanaodhani kwamba kazi hiyo ni ya serikali tu, na kwamba mwenyeji amekwisha timiza wajibu akilipa ada na kurudisha kitabu kwa wakati. Kurudisha kitabu ni jambo kubwa kuliko linavyodhaniwa, kwa maana kila kirudicho kimeaminiwa kwa mtu asiyejulikana. Lakini wajibu wa wakfu hauishii kwa mtumiaji. Mtunzaji wa wakfu hushika pia kwamba usipungue, na ikiwezekana uongezeke. Maktaba inayopokea vitabu kutoka nje tu, isiyopokea chochote kutoka kwa watu wake, huwasomesha wenyeji habari za watu wengine na kuwaacha bila zao.

Katika miaka ya 1960 miswada mingi ya pwani ilikusanywa na kuwekwa katika maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam, na orodha yake ikapigwa chapa mwaka 1970. Kazi hiyo iliokoa mengi, na waliotoa miswada yao wanastahili shukrani sawa na waliokusanya. Familia nyingine zilikataa, nazo zilikuwa na hoja: karatasi ya babu ni amana, na mara nyingi wageni wameazima bila kurudisha. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini siku hizi mswada waweza kupigwa picha mbele ya mwenyewe, nakala ikabaki maktaba na asili ikarudi sandukuni. Familia haipotezi kitu, na mji hupata. Asiyesoma herufi za Kiarabu aweza kuketi na anayezisoma, mmoja akitamka na mwingine akiandika, kama walivyoketi watu wa baraza zamani.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema juu ya biashara, lakini maneno yao yanaufaa mji pia. Maktaba ndiyo daftari la mji, na hakuna daftari linalojiandika lenyewe. Watu wa Tanga walikuwa wasomaji na wasikilizaji wa vitabu kabla jengo halijapata msingi. Kilichobaki ni kuyafungua masanduku wakati karatasi zilizomo zingali zasomeka.