Tiba asilia kwa presha, sukari na kifua: wapi inasaidia, wapi inaua

Juzi mshkaji wangu mmoja wa karasha hapa Katoro kaniuliza: hizi dawa za asilia zinazotangazwa kwenye gari la spika siku ya mnada, zinaponya kweli presha, sukari na kifua? Yeye mwenyewe anakohoa. Nikamwambia nitaandika, maana yameshatukuta nyumbani.

Baba mdogo wangu kule Shinyanga alikuwa anameza vidonge vya presha. Muuza mitishamba mmoja akamwambia vidonge ni sumu, achana navyo, weka unga huu kwenye uji. Miezi michache mzee akawa anajisikia safi kabisa! Asubuhi moja mkono wa kulia ukagoma. Kiharusi. Mpaka leo anaongea kwa shida, shamba analima mama mdogo peke yake.

Kwanza majina, maana watu wanachanganya sana. Kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002. Tiba asili ni ya mababu, yaani mizizi na magome ya bafumu wetu Wasukuma. Tiba mbadala ni zilizotoka nje, na naturopathi imo humo. Mizizi yake ni Ujerumani, kwenye tiba za maji na chakula, halafu Benedict Lust akaipeleka Marekani na kufungua chuo New York mwaka 1901. Wote hawa wanatakiwa wasajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa hiyo muombe cheti bila aibu, hata kama kavaa koti jeupe. Wapiga ramli ni habari nyingine kabisa. Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku Januari 2015 kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu albino.

Naturopathi inasema mwili unajitibu wenyewe ukiupa chakula kizuri, maji, usingizi, mazoezi na utulivu. Kwa presha na kisukari cha ukubwani, hapo niwe mkweli, wana pointi. Hata Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku (kijiko kimoja cha chai hivi) na mazoezi yafike angalau dakika 150 kwa wiki. Kwetu maana yake ni dona badala ya sembe, mlenda na kunde kwa wingi, samaki wa chumvi umpunguze, soda uache. Michembe nayo, jamani, tunaipenda lakini usijaze sahani. Wapo wanaopungua uzito mpaka daktari anawapunguzia dozi. Anapunguza yeye, siyo wewe!

Na miti siyo uongo. Metformin, kidonge cha sukari kinachotumika sana duniani, asili yake ni mmea uliotumika Ulaya kama mtishamba, na daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyetangaza majaribio yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Muhimbili nao wanachunguza dawa zetu tangu 1974. Tofauti ni kipimo. Unga wa mlonge kwenye mfuko wa nailoni hujui una nguvu kiasi gani, na ukichanganya dawa za miti na vidonge vya sukari, sukari inaweza kushuka ghafla ukazimia. Mwambie daktari unachokunywa, hata kama atanuna.

Kingine, presha haiumi. "Najisikia vizuri" siyo kipimo, kipimo ni mashine. Mnakumbuka kikombe cha Loliondo 2011, shilingi 500? Watu walirudi wanajisikia wamepona, wengine wakaacha dawa zao.

Sasa kifua, ndugu zangu wa Nyarugusu, Rwamgasa na Kakola. Vumbi la jiwe la dhahabu likiingia kwenye mapafu linaacha makovu, ugonjwa unaitwa silikosisi. Hakuna mti wala kidonge cha hospitali kinachofuta makovu hayo, na dawa ya "kutoa sumu" haifiki huko. Kinachosaidia ni kumwagia maji jiwe wakati wa kutoboa na kusaga, na kukaa mbali na vumbi. Zebaki vivyo hivyo, ukiendelea kuvuta moshi wake wakati wa kuchoma dhahabu, juisi ya limao haikusaidii kitu.

Ubaya wa silikosisi unafungulia mlango kifua kikuu. Hicho kinapona! Dawa ni bure, kwa kawaida miezi sita. Ukikohoa wiki mbili, peleka makohozi yapimwe kabla hujanunua chupa yoyote mnadani.

Mshkaji wangu wa karasha hii ni wiki ya tano anakohoa. Kila nikimuuliza anasema ataenda Jumatatu.