Donge Lililotoka Ukutani Likaingia Chekechea

Katika miaka ya 1930 nyumba nyingi za Marekani zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, na masizi yake yaliganda ukutani. Kuta zilibandikwa karatasi za mapambo zisizostahimili maji: ukizisugua kwa kitambaa chenye maji, zinachanika. Kampuni ya sabuni ya Kutol, mjini Cincinnati, iliuza donge laini la unga wa ngano, maji na chumvi. Ulilibingirisha ukutani, likanasa masizi. Mwaka 1933 kampuni hiyo, iliyokuwa taabani, ilipata kandarasi ya kuyatengenezea maduka ya Kroger donge hilo, ikapona.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia zilihamia gesi na mafuta. Masizi yakapungua, tena zikaja karatasi za vinili zinazooshwa kwa maji na sabuni. Donge likakosa kazi.

Aliyeliokoa alikuwa mwalimu wa chekechea. Kay Zufall wa New Jersey, shemeji yake Joseph McVicker wa Kutol, alisoma kwamba donge la kufutia kuta laweza kufinyangwa mapambo ya Krismasi. Akawapa watoto wa chekechea yake. Udongo wa kufinyangia wa siku zile ulikuwa mgumu mno kwa vidole vya mtoto wa miaka minne; hili lilikubali kubonyezwa, kukatwa, kuvunjwa na kuanza upya. Hataza ya donge hilo, ya mwaka 1965, ina majina ya Noah na Joseph McVicker wa Kutol, ila kwa haki Zufall ndiye wa kutajwa kwanza. Hata jina lake la biashara, Play-Doh, lilitoka kwa Zufall na mumewe. Donge lilianza kuuzwa kama kitu cha kuchezea katikati ya miaka ya 1950, likiwa jeupe tu. Nyekundu, buluu na manjano zilifuata.

Kufinyanga unga hakukuanzia Cincinnati. Wajerumani wana desturi ya mapambo ya Krismasi ya unga wa chumvi, na huko Calderón, kandokando ya Quito nchini Ecuador, mafundi hutengeneza sanamu ndogo za unga zilizopakwa rangi kali, ufundi uliotokana na mikate yenye umbo la watu inayopelekwa makaburini Siku ya Wafu.

Siri ya pambo la unga wa chumvi kutooza iko kwenye chumvi yenyewe. Huyavuta maji ambayo ukungu na bakteria huyahitaji ili kuishi, sawasawa na inavyomhifadhi ng'onda wa pwani, na kwa hiyo pambo lililokauka vizuri hukaa miaka bila kuoza.

Mzazi hahitaji kopo la dukani. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini na kimoja cha maji, yatiwe kidogo kidogo, vinatosha watoto kadhaa. Unga ulioingia fukusi, usiofaa tena kwa chapati, uchekeche uutumie. Chakula kizuri kibaki mezani. Kanda mpaka donge liache kunata, waachie watoto wafinyange wanachotaka, kisha kausha juani siku kadhaa au kwenye oveni yenye moto mdogo kwa saa chache. Usiwaache wadogo walile, na liweke mbali na mbwa: chumvi nyingi kiasi hicho inaweza kumuua.