Si Mwili Uliozoea Dawa

Simama kwa kemisti yoyote hapa Nyamache na hutakosa kusikia hii: "Hiyo dawa mwili wangu umeizoea, nipe ya nguvu." Hata mimi nimeisema. Shida ni kwamba mwili wako hauna habari. Waliobadilika ni vijidudu, na hii stori ina zaidi ya miaka 80.

Turudi 1944. Evelyn Witkin, mwanafunzi wa miaka 23, anaingia maabara ya Cold Spring Harbor, Marekani. Anawapiga bakteria wa E. coli na miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, lakini kali zaidi. Karibu wote wanakufa. Kwenye sahani yanabaki makundi manne tu. Mwingine angeosha sahani aanze upya. Yeye akajiuliza: hawa wamepona aje? Akawakuza, akawapiga tena. Kizazi chao kikastahimili.

Sasa shika hapa. Miale haikuwafundisha kitu. Kati ya mamilioni, wachache tayari walikuwa na badiliko dogo kwenye jeni. Miale iliwaondoa wenzao, wakabaki na uwanja wote.

Mwaka wa 2009, watafiti wa Marekani walionyesha mchezo huo unaweza kufika wapi. Waliwapiga E. coli na mionzi ya gamma raundi 20, kila raundi wakiua zaidi ya asilimia 99, kisha wakiwakuza waliobaki. Mwishowe walipata bakteria wanaovumilia kipimo ambacho ni mara mia kadhaa ya kile kinachomuua binadamu.

Unadhani haya ni ya maabara tu? Huku kwetu tulifanya jaribio hilo hilo bila kujua. Vimelea vya malaria si bakteria, lakini hesabu ni moja. Watu walimeza klorokwini miaka na miaka, na mwishoni mwa miaka ya 1970 vimelea sugu vikaonekana Afrika Mashariki. Miaka ya 1990 malaria ikawa inalipuka kwenye milima ya Kisii, ambako wengi hawakuwa na kinga, huku dawa ya kila nyumba ikizidi kushindwa. Kenya iliiacha 1998, ikahamia Fansidar. Kufikia 2004 serikali ilishaamua kubadilisha tena, sasa AL, yenye dawa mbili pamoja. Kimelea kinachoponyoka moja bado kinakutana na nyingine.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kila kidonge tunachomeza kwa kubahatisha, kila dozi tunayogawana na ndugu, ni raundi nyingine ya jaribio la Witkin. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na sahani, na sisi tunatumia miili yetu na ya majirani.

Wewe ukienda kemisti, usianze na "nipe ya nguvu." Anza na "nipimwe kwanza."