Nyakati za Kiingereza kwa wanaofanya kazi na wageni Arusha: Makosa 7 na namna ya kuyaepuka

Arusha ni mji wa wageni. Hapa ndipo safari nyingi za mbuga za kaskazini huanzia, hapa ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ukitoka mjini kidogo tu unakutana na Mlima Meru wenye mita 4,562, wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro. Ukitaka kazi ya kuongoza watalii, hotelini, dukani au kwenye gari la safari, Kiingereza utaulizwa siku ya kwanza.

Wengi wetu tumekisoma tangu shule ya msingi, na sekondari tukafundishiwa kwa lugha hiyo. Maneno tunayo. Kinachotuangusha ni nyakati: tendo limetokea lini, limeisha au bado linaendelea? Tukiongea na mgeni, tunafikiri kwa Kiswahili kisha tunageuza neno kwa neno. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Na mlimani si suala la aibu tu, ni la usalama. Chukua mgeni aliyefika kibanda cha Saddle Hut, mita 3,570, anaumwa kichwa. Unataka kujua kama ametapika. Angalia maswali haya manne:

"Are you vomiting?" – Unatapika sasa hivi?

"Do you vomit?" – Huwa unatapika?

"Have you vomited?" – Umetapika, kwa maana ya tangu uanze kuumwa mpaka sasa?

"Did you vomit last night?" – Ulitapika usiku wa jana?

Ukiuliza la pili, mgeni atakujibu "no", kwa sababu hana kawaida ya kutapika. Wewe utaelewa kwamba yuko salama, kumbe ametapika mara tatu. Kutapika pamoja na kuumwa kichwa ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, na mtu wa hivyo hapaswi kuendelea kupanda. Umeona uzito wake?

Sasa twende kosa moja baada ya jingine.

1. "-NA-" YA KISWAHILI INA KAZI MBILI

Ukisema "ninafanya kazi Momella", unaweza kumaanisha ni kazi yako ya kila siku, au uko kazini sasa hivi. Kiswahili hakijali sana. Kiingereza kinajali.

Jambo la kila siku: "I work at Momella."

Jambo la sasa hivi: "I am working."

Kipimo chake ni rahisi. Kama unaweza kuweka "hu-" na maana isiharibike, tumia ile fupi. "Twiga hula majani" ni "Giraffes eat leaves." Kama unamwonyesha mgeni twiga aliye mbele ya gari anayekula, sema "It is eating."

Na usisahau "s" kwa yeye mmoja: "He works", "She works". Kwenye swali hiyo "s" inahamia mbele: "Does he work here?" Huiweki mara mbili.

2. "-ME-" HAIKAI NA "JANA"

Kwa Kiswahili cha mtaani tunasema "nimefika jana" na hakuna anayeshangaa. Kwa Kiingereza, ukitaja muda uliokwisha kama jana, juzi, mwaka jana au saa mbili zilizopita, "have" inaondoka.

Si "I have arrived yesterday." Ni "I arrived yesterday."

"Have" itumie pale usipotaja lini, na matokeo yako mpaka sasa: "I have climbed Meru many times." Mgeni hahitaji tarehe, anataka kujua kama una uzoefu. Akikuuliza mara ya mwisho ni lini, hapo unahamia wakati uliopita: "I climbed it in June."

3. "-ME-" NYINGINE NI HALI, SI TENDO

Hili huwa halisemwi sana darasani. Kiswahili kina "-me-" inayoonyesha hali aliyo nayo mtu sasa. Ukiigeuza kwa "have", unasema kitu kingine kabisa.

Amelala: "He is sleeping", si "He has slept".

Amesimama pale: "She is standing there."

Nimechoka: "I am tired."

Amekaa: "He is sitting."

Fikiria mwenzako wa kibanda cha chini anakuuliza kwa simu ya upepo kuhusu mgeni mgonjwa, na mgeni mwenyewe anasikia. Ukisema "He has slept", maana yake ameshapata usingizi wake. Ukisema "He is sleeping", bado yuko kitandani. Ni hali mbili tofauti.

4. MIAKA MINGAPI KAZINI?

Swali hili linakuja kwenye kila usaili: umefanya kazi hii kwa muda gani? Wengi hujibu "I am working as a guide for five years." Mwajiri anaelewa, ila kosa analiona.

Kazi uliyoanza zamani na bado unaifanya: "I have been working as a guide for five years." Au kwa kifupi: "I have been a guide for five years."

Kazi uliyoiacha: "I worked as a porter for two years."

Hapa pana maslahi. Ukisema "I worked as a guide", mwajiri anaelewa uliacha. Ataanza kukuuliza kwa nini uliacha, wakati hukuacha kitu.

Tofauti ya "for" na "since": "for" ni urefu wa muda, kama "for five years". "Since" ni pale ulipoanzia, kama "since 2019".

5. "DID" IMESHABEBA WAKATI

"He did not went." "Did you saw the buffalo?" Makosa haya yapo kila kona, na dawa yake iko ndani ya Kiswahili chenyewe.

Angalia neno "hakupanda". Wakati uliopita uko kwenye "ku". Kitenzi "panda" hakijaguswa.  Basi "did" ni kama ile "ku". Ikishakuwepo, kitenzi kinabaki na umbo lake la mwanzo.

"He did not go." "Did you see the buffalo?"

Lakini bila "did", kitenzi lazima kibebe wakati chenyewe: "He went." "I saw the buffalo."

Ndivyo ilivyo pia unaposimulia. Kiswahili kina "-ka-": tulifika, tukala, tukalala. Kiingereza hakina "-ka-". Kila kitenzi kinavaa wakati uliopita: "We arrived, ate and slept."

6. "TUTAKAPOFIKA" HAINA "WILL"

Kiswahili kinaweka "-ta-" pande zote mbili: tutakapofika, tutapumzika. Ukigeuza moja kwa moja unapata "When we will arrive, we will rest." Si sahihi.

Baada ya "when", "if", "before" na "after" za namna hii, weka wakati uliopo. "Will" ibaki upande wa pili tu.

"When we reach Miriakamba Hut, we will rest."

"If you feel dizzy, tell me."

"Before we start, the ranger will talk to you."

Sentensi hii ya mwisho utaihitaji. Meru hupandwa na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu ya nyati na tembo walio kwenye njia. Mgeni lazima aelewe mapema kwamba haruhusiwi kutangulia mbele ya askari.

7. SAA ZETU NA SAA ZAO

Hii si sarufi, ila inaleta hasara kuliko sarufi. Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Yao inaanza usiku wa manane. Tofauti ni saa 6.

Saa 12 asubuhi ni "six in the morning".

Saa 2 asubuhi ni "eight in the morning".

Saa 8 usiku ni "two in the morning". Ndiyo, wao huiita asubuhi.

Safari ya kileleni kutoka Saddle Hut kwa kawaida huanza usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa 7 au saa 8. Ukimwambia mgeni "We leave at eight", atalala mpaka kukuche. Na ukimwandikia "12" kwa kumfuata uwanja wa ndege, mtapishana kwa saa 6 nzima. Ukiandika ujumbe, taja saa kwa mtindo wao na uweke "a.m." au "p.m.".

MANENO YANAYOTUPONZA

Nyakati zikikaa sawa, geukia msamiati. Haya machache yanaleta shida zaidi kwa sababu neno letu moja lina maneno yao mawili au zaidi.

Mguu: "leg" ni mguu mzima, "foot" ni sehemu ya chini unayokanyagia. Mkono: "arm" na "hand" vivyo hivyo. Ukiomba msaada kwa majeruhi, neno hili linaamua watakuja na vifaa gani.

Kusikia: sauti ni "hear". Baridi, maumivu na kizunguzungu ni "feel". Usiseme "I hear cold".

Kupanda: mlima ni "climb", mche ni "plant", basi ni "get on". "Tulipanda miti" kwa Kiswahili ina maana mbili, kwa Kiingereza lazima uchague.

Kuazima: ukipewa wewe ni "borrow", ukimpa mwenzako ni "lend". "Lend me your torch", si "borrow me".

Kufika: "We reached the hut" bila "at", au "We arrived at the hut" na "at".

Yeye: mwanamume ni "he", mwanamke ni "she". Kiswahili hakitenganishi, ndiyo maana ulimi unateleza hata kwa waliosoma sana.

Pole: "sorry" ni neno la huruma au kuomba radhi. Mgeni anayepanda kilima akiambiwa "sorry, sorry", anajiuliza umemkosea nini. Sema "well done" au "keep going".

VITENZI VIGUMU: VIPANGE KWA MAFUNGU

Usikariri orodha ndefu kwa alfabeti. Panga kwa sauti, utashika haraka.

Visivyobadilika: cut, put, hit, hurt, let.

Vya i-a-u: drink-drank-drunk, begin-began-begun, swim-swam-swum.

Vya kuishia na t: sleep-slept, keep-kept, feel-felt, leave-left.

Vya kuishia na n: see-saw-seen, give-gave-given, eat-ate-eaten, fall-fell-fallen.

Anza na vya kazi yako. Mhudumu wa hoteli aanze na bring-brought, na mpagazi aanze na carry-carried.

FANYA HIVI KILA SIKU

Chagua vitenzi vitano tu. Kwa kila kimoja tunga sentensi nne: ya kila siku, ya sasa hivi, ya jana na ya tangu zamani mpaka leo. Zisome kwa sauti. Jirekodi kwa simu, kisha jisikilize. Neno usilolijua litafute kwenye kamusi inayotoa mifano, kama ile ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996.

Mkiwa wawili ni bora zaidi. Mmoja awe mgeni, mwingine mwongozaji, mbadilishane.

JIPIME

Geuza kwa Kiingereza kabla ya kusoma majibu:

a) Jana hatukuona tembo.
b) Mgeni amelala.
c) Nimekuwa nikiishi Usa River kwa miaka kumi.
d) Mtakapofika getini, nipigieni.
e) Tunaondoka kesho saa 12 asubuhi.

Majibu: a) "We did not see elephants yesterday." b) "The guest is sleeping." c) "I have been living in Usa River for ten years." d) "When you reach the gate, call me." e) "We are leaving tomorrow at six in the morning."

Ukipata zote tano, nenda kwa mwenzako umfundishe. Ukikosa mbili au zaidi, rudia sehemu husika kesho. Msimu wa wageni ukianza, hutapata nafasi ya kufungua daftari.