Ramani ya dereva ilianzia baharini

Juma lililopita, mzee mmoja aliyeendesha trela kati ya Mombasa na Malaba tangu ujanani alinionyesha kitabu chake cha ramani za barabara. Jalada limeshikiliwa kwa selotepu. Pembeni amejaza maandishi ya penseli: penye maji, penye mizani, mteremko unaochoma breki.

“Mzee, si ununue kipya?” nikamwuliza.

“Mwalimu, hicho kipya kimechorwa na nani? Amewahi kushuka Mai Mahiu na mzigo?”

Swali lile lilinirudisha kwenye neno lenyewe. Asili ya ramani ni Kiajemi, rahnama: rah ni njia, nama ni chenye kuonyesha. Wanamaji Waarabu waliliita rahmani, wala hawakuwa na maana ya mchoro. Kilikuwa kitabu cha maelezo: nyota za kufuata na kimo chake, bandari, misimu ya pepo. Neno likafika pwani yetu kwa jahazi, maana ikageuka, na leo tunasema hata ramani ya nyumba.

Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15 kutoka Julfar, alizipitia rahmani za watangulizi wake watatu, akazilaumu. Kwake, hao walikuwa wakusanyaji wa habari, si watu walioijaribu bahari wenyewe. Yaani hoja ya mzee wangu kabisa!

Ndiyo maana dereva wa lori anayechagua kitabu hutazama kwanza mwaka wa chapa. Vya zamani vinaandika A109 hadi Nairobi, kisha A104 hadi Malaba. Siku hizi yote ni A8. Halafu hutazama kipimo. Kwenye ramani ya 1:1,000,000, sentimita moja ni kilomita 10, hivyo kidole gumba kinatosha kuufunika mteremko unaoua watu. (Madereva nao wameiandikia ramani: Mlolongo ni jina la foleni ya malori yaliyokuwa yakisubiri mizani. Mizani ilihamia Athi River, jina likabaki.)

Kwenye ukurasa wa Mai Mahiu nikaona jina la mtu na mwaka.

“Huyu?”

“Utingo wangu.”

Sikuendelea kuuliza. Nilimwomba ruhusa nikinakili kitabu kizima. Akakubali, kwa sharti kwamba nisisahihishe tahajia yake hata mahali pamoja.