Birika la fedha lenye kipande cha pembe

Siku nyingi sijaandika, mazoezi ya kufundisha yalitubana sana. Sasa hivi niko likizo nyumbani Nyasubi, Kahama, mama kaweka birika kwenye mkaa na mimi nasubiri chai. Ndo nimekumbuka kitu.

Nilikuwa nafundisha Wanyamwezi na biashara ya masafa marefu. Nikataja pembe za ndovu, dogo mmoja akanyoosha mkono: "Ticha, hao Wazungu pembe walikuwa wanafanyia nini?" Nikamjibu vinanda na mipira ya biliadi, akaandika, tukaendelea. Jibu siyo kosa, ila niliona hajaridhika, na mimi pia sikuridhika. Niliporudi chuo nikaanza kusoma, nikakutana na mabirika ya chai.

Ni hivi. Uingereza ya karne ya 18 chai ilikuwa ghali, hawakumwachia mpishi. Mama mwenye nyumba aliiandaa mwenyewe mezani, wageni wakiangalia. Pembeni palikuwa na birika kubwa la fedha juu ya kistendi, chini yake kitaa cha spiriti kinawaka. Hilo halipiki chai. Kazi yake ni kuweka maji ya moto ya kuongezea birika dogo lenye majani. (Mbwembwe tupu, lakini ndo heshima ya nyumba ilipokuwa.)

Shida ni kwamba hakuna metali inayopitisha joto kuliko fedha. Mpini wa fedha tupu unakuunguza. Kwa hiyo mafundi waliweka mpini wa mbao, au waliukata ule wa fedha juu na chini wakapachika vipande vya pembe ya ndovu, vyembamba kama sarafu, joto lisipite. Halafu mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ikapata hataza ya kupaka fedha kwa umeme, hapo hata familia za kawaida kidogo zikaweza kuwa na birika linalong'aa.

Sasa kaa ufikirie hicho kipande. Pembe nyingi za Afrika Mashariki zilipitia Unguja, na kutoka bara zilibebwa kichwani na mabegani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo ni miezi miwili mpaka mitatu kwa miguu. Babu zetu hao.

Na birika lenyewe lilirudi huku huku! Mwaka 1871 Stanley alifika Ujiji kumtafuta Livingstone, akatandika zulia la Kiajemi na kupanga juu yake vijiko vya fedha na birika la chai la fedha. Livingstone naye aliandika kwamba alipouona msafara ule, na mabirika makubwa na mabafu ya bati, alijua huyu msafiri anazo, siyo kama yeye aliyeishiwa. Jina la Stanley kila mtoto wa shule analijua. Jina la aliyebeba lile birika kutoka pwani mimi sijalikuta popote, na nimetafuta.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Machi 2017 serikali ilipozuia makinikia yasisafirishwe nje, makontena 277 yakakwama bandarini Dar. Nilikuwa mdogo, hapa mtaani watu waliongea dhahabu tu. Kumbe mchanga ule wa Bulyanhulu na Buzwagi ulikuwa na shaba na fedha pia. Fedha hii hii ya mabirika, inatoka hapa hapa Kahama, na mimi ticha wa historia nilikuwa sijui. Nikimpata yule dogo tena nitaanzia hapo.

Haya, mama ananiita. Birika letu ni la alumini, mpini wake tumeuzungushia kitambaa, maana bila hivyo unaungua vidole.